Amri ya Kusimama

Katika nyumba yetu ya Barabara ya Tatu, upande wa mashariki wa Heian, mji wa mfalme, watumishi tulikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na jambo lake la kuchekwa. Mimi, Hamame wa jikoni, nilichekwa kwa mdomo wangu. Torime alichekwa kwa woga wake.

Torime alikuwa mtia rangi wa nyumba. Mikono yake ilikuwa na rangi mpaka viwikoni, nyekundu juu ya buluu, na hakuna majivu yaliyoweza kuitoa. Kazi yake haikuwa na kasoro. Lakini woga! Radi ikipiga upande wa mlima Hiei, Torime yumo nyuma ya pipa. Ardhi ikitikisika kidogo tu, kama ilivyo kawaida yake, Torime amekwisha kimbilia kwenye mianzi na nguo mbichi mabegani. Kucha za mikono alizikata siku ya Ng'ombe, za miguu siku ya Chui, kama kalenda ilivyoagiza, na siku hizo zikigongana na kazi alikaa na kucha kama za mwewe kuliko kuvunja mwiko. Kabla ya kwenda sokoni aliuliza upande. Akiambiwa kwamba siku hizo mungu wa njia amekaa magharibi, na soko liko magharibi, basi alizunguka kusini kwanza, akapumzika kwa mtu, ndipo akaelekea sokoni. Alirudi jua linazama na kifurushi cha mwani cha kutia kiganjani.

"Torime," nilimwambia siku moja, "ukisikia panya amepiga chafya utahama mji."

"Nitahama," akanijibu, "na wewe nitakuacha hapa na panya wako. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hujasikia?"

Nilicheka, lakini nilijua woga huo ulikotoka. Alinisimulia mara moja tu, tukichambua maua ya rangi, na hakurudia tena. Alizaliwa Tanba, nyuma ya milima. Mama yake alikuja mjini kutumikia katika nyumba ya wakubwa, akaja na bintiye mgongoni. Mwaka wa ndui mama akaugua. Na katika mji wetu mtumishi hafi ndani ya nyumba ya bwana wake. Kifo huchafua nyumba, na nyumba iliyochafuka hufungwa mwezi mzima: bwana haendi kasrini, haendi kwa miungu, mgeni haingii. Kwa hiyo mtumishi akionekana siku zake zimekwisha, hubebwa angali na pumzi, akalazwa nje kando ya ukuta au ukingoni mwa mto, pamoja na uji kidogo kama ana bahati. Mama yake Torime alilazwa nje ya ukuta. Torime mwenyewe, mtoto ambaye meno ya utotoni yalikuwa yanang'oka, alizuiwa ndani ya lango.

"Nilisikia mbwa," aliniambia. Niliacha maua nikamshika goti.

Basi radi na tetemeko na kucha vilikuwa matawi tu. Shina lilikuwa hilo. Aliogopa kutolewa nje ya lango, yeye au mtu wake, na mtu wake duniani alikuwa mmoja: binti yake Kusume, mshonaji katika nyumba hiyo hiyo. Baba wa msichana alikuwa askari wa zamu aliyerudi kwao mashariki akiahidi kurudi, na tangu hapo habari zake zilikuwa zile za upepo. Kusume hakufanana na mama yake hata kidogo. Alikuwa na kicheko cha kusikika jikoni, na alipita chini ya ngazi, juu ya ufagio, siku mbaya na njema, huku mama yake akimfuata nyuma akimwombea msamaha.

Mwaka ninaousema, bwana wetu aliteuliwa kuwa mjumbe wa mfalme kwenye sikukuu ya mungu wa Kamo. Nyumba ilifurahi, kisha ikaingiwa na hofu, maana mjumbe wa Kamo lazima awe safi kuliko maji ya chemchemi. Vibao vya mwiko vilitundikwa langoni. Watawa, kwa kuwa huombea wafu, walipokuja na bakuli zao za sadaka walifukuzwa kama kuku. Hata maneno yalifungwa: mtu haumwi, anapumzika; na neno la kifo halikutajwa na yeyote. Msimamizi wa nyumba, Yasutomi, alizunguka kutwa nzima akitutazama machoni, kwenye ulimi, kwenye nyayo. Alikuwa mtu mwembamba mwenye hatua za paka. Hakuwa mkatili, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu mkatili huchoka, lakini mwenye hofu hachoki. Uchafu ukiingia nyumbani, bwana angekosa sikukuu, na Yasutomi angekosa kila kitu.

Ni katika siku hizo hizo Kusume alianza kukohoa.

Torime alimficha. Nyuma ya ua wa mapipa kulikuwa na kibanda cha mbao cha kuwekea majivu ya rangi. Alimlaza humo juu ya magunia, akawaambia wenzake wa kushona kwamba msichana anamsaidia kuchambua maua. Harufu ya mapipa ya buluu ilikuwa mbaya kiasi kwamba Yasutomi alipita ua ule akiwa ameziba pua. Ilibaki sauti. Kwa sauti, Torime alikuwa na nyundo yake ya mbao. Nguo za wapanda farasi wa bwana, nyekundu ile aliyoitoa kwenye maua, zilipaswa kutwangwa juu ya jiwe mpaka zing'ae, na Torime alizitwanga asubuhi, akazitwanga mchana. Kusume akikohoa, nyundo inapiga. Kusume akitulia, nyundo inapiga polepole, ikisubiri.

Mimi nilipeleka uji chini ya mkono wa nguo yangu. Niliogopa. Sisemi kwamba nilikuwa jasiri: kila nilipovuka ua nilimtukana Torime moyoni kwa kuniingiza katika mambo yake.

"Amepungua joto," alininong'oneza.

"Hajapungua. Nimemgusa. Ni jiko."

"Amepungua kidogo."

"Torime, akikatika humu..."

"Usiseme!" Alinishika mdomo kwa mkono wake wa rangi. "Nimeweka kibao cha mwiko kichwani pake. Nimeomba pande zote. Unadhani siogopi? Namwogopa mungu wa Kamo kuliko unavyomwogopa wewe. Watoto wa bwana nimewatia rangi nguo zao tangu kuzaliwa kwao. Mungu akikasirika atawapiga wao. Nalijua hilo. Nalijua na bado simtoi. Niambie mimi ni mtu gani, Hamame."

Nilimwekea bakuli la uji mkononi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Alasiri moja nilikuwa uani kwake na bakuli, Yasutomi akaingia.

"Acha hiyo nyundo."

Torime akaendelea kupiga kana kwamba hakusikia.

"Wee Torime! Acha, nimesema. Bibi mkubwa kichwa chake kina..." Akajizuia. "Kichwa chake kinapumzika kwa sababu ya kelele zako. Nguo gani hiyo isiyoiva? Unaitwanga au unaifundisha adabu?"

"Ya wapanda farasi, bwana. Haijang'aa."

"Inang'aa mpaka naona sura yangu. Weka chini."

Akaweka nyundo chini. Sikuwahi kujua kwamba ua ule una ukimya wa namna hiyo. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye kamba za nguo. Ukuta wa kibanda cha majivu ulikuwa nyuma ya bega la Yasutomi, karibu kiasi cha kuugusa, na nilijua Kusume yuko upande wa pili, ameuma upindo wa nguo yake. Torime alitazama ardhini. Jasho lilimtoka kwenye kidevu.

"Na wewe wa jikoni, una nini huku?"

"Nimekuja kuomba majivu, bwana. Ya kusugulia vyungu."

"Na uji huo ni wa kusugulia nini?"

"Uji ni wangu. Nikiwa na njaa natembea na chakula changu. Kuna sheria?"

Alinikazia macho. "Mdomo wako, Hamame, ndio utakaokutoa nyumba hii siku moja." Akageuka kuondoka. Alikwisha fika kwenye mapipa ya buluu, pua imezibwa, na mimi nikaanza kupata pumzi.

Hakikuwa kikohozi kikubwa. Kilikuwa kidogo, kilichobanwa, kama cha mtu anayejizuia kucheka. Lakini kilifuatwa na kingine, na hicho kingine kikapasuka.

Torime akainama, akaokota nyundo, akaanza kupiga. Jamani! Aliipiga ile nguo kwa nguvu zake zote, mbele ya mtu ambaye amekwisha sikia. Yasutomi alisimama palepale akimtazama, na sura yake ilikuwa nyeupe kama mchele. Kisha alikwenda akafungua mlango wa kibanda.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba amesahau mwiko wake mwenyewe. "Torime. Umetaka kutumaliza sote?"

"Ni mafua tu, bwana. Kesho anaamka."

"Kesho ya nani? Nimeona wangapi mimi? Tazama midomo ile."

"Nitoe mimi badala yake, bwana. Nakuomba. Nitoe mimi, nitalala popote utakaponiweka."

"Wewe huumwi!" alifoka, kisha akajipiga kofi mdomoni kwa kulitamka neno. Macho yalimjaa machozi, ya hofu au ya huruma, sijui. "Atolewe kabla jua halijazama. Na majivu hayo yatupwe."

Kilichonichoma ni kwamba Torime hakubisha tena. Wengine wangemrarua uso. Yeye aliamini kila neno kama Yasutomi mwenyewe alivyoamini. Alimfunga Kusume mkanda wa kiuno, akamchana nywele kwa vidole, akawaambia wachunga ng'ombe wawili waliokuja na mkeka, "Shikeni vizuri upande wa kichwa." Msichana alitutazama kwa macho makubwa. Hakucheka safari hii.

Langoni Yasutomi alimzuia mama mtu.

"Mimi si mnyama," alisema. "Nenda kamwone. Mpelekee uji. Lakini simama. Hukai, huli naye, hunywi naye. Mwenye kusimama hachafuki, hilo unalijua. Mwenye kukaa penye uchafu huo ameupakata, na nyumba atakayoingia akakaa, nayo imeupata. Na saa ya pumzi kutoka hakuna aijuaye. Ukikaa tu, Torime, hata kama yu hai, lango hili usilione tena."

"Nitasimama, bwana," alisema Torime.

Walimpeleka ng'ambo ya Barabara Kuu ya Suzaku, upande wa magharibi, ambako mji ulikufa kabla haujakua. Viwanja vya wakubwa vya zamani vimekuwa vinamasi, watu wanalima mboga za maji katikati ya barabara, na usiku ni wa mbweha. Kulikuwa na lango la nyumba isiyokuwepo tena, nusu ya paa lake bado imeshikilia. Wakamlaza hapo chini.

Kesho yake niliomba ruhusa ya kwenda kununua mboga, nikaenda. Njia nzima niliapa kwamba nitaacha uji na kurudi mbio. Nilimwona Torime kwa mbali, amesimama. Alikuwa na ile fimbo ndefu ya kukorogea rangi. Mbwa walikuwa kwenye ukuta uliobomoka, rangi ya udongo, mbavu nje. Mbwa wa magharibi hawabweki. Walikuwa wamekaa, wanangoja, na sisi wenye mtoto tumesimama.

"Tangu jana?" nilimuuliza.

"Tangu jana."

Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kamba za viatu vya majani zilimzama nyamani. Kusume alilala na shavu kwenye mkeka, na kila pumzi ilikuwa kazi.

"Mama Hamame," alisema msichana, "mwambie akae."

"Nimekaa sana maisha yangu," Torime alijibu haraka. "Miguu yenyewe inataka kunyooka."

"Mwongo. Unaogopa."

"Naogopa, mwanangu."

"Mimi pia. Nasikia baridi. Mama, kaa kidogo tu."

Mbwa mmoja alishuka ukutani. Torime alizungusha fimbo na kupiga kelele, sauti ya ajabu, kama ya mtu anayeota ndoto mbaya. Mbwa akarudi nyuma hatua chache, akakaa. Hakuonyesha haraka yoyote. Mimi nilikuwa nimekwisha sogea nyuma ya Torime bila kujua, nimemshika nguo, na bakuli la uji limenimwagikia miguuni.

"Hamame," alisema bila kugeuka, "mama yangu hakuwa na mtu wa kusimama naye. Mimi nimesimama. Si haba, eti?"

"Si haba, shoga. Si haba hata kidogo."

"Mbona haitoshi?"

Kusume alikohoa, akajaribu kujiinua, akashindwa. Mkono wake ulipapasa mkekani ukitafuta kitu cha kushika. Nilimwona Torime akiutazama mkono ule. Kisha akaanza kushuka. Alishuka kama mtu anayeingia mtoni wakati wa theluji, akisitasita, goti moja, kisha la pili, na meno yake yaliyokuwa yanagongana niliyasikia. Akakaa. Akakinyanyua kichwa cha mtoto, akakipakata.

"Torime!" nilipiga kelele. "Lango! Watakufungia lango!"

"Najua." Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na msichana akitetemeka juu yake. "Naogopa, Hamame. Sijawahi kuogopa hivi. Kaa na wewe, nakuomba, kaa unishike mkono. Bado yu hai, haina neno, utasimama kabla... Kaa kidogo tu."

Sikukaa. Nilikuwa na mahali pamoja tu pa kulala katika mji wote, nyuma ya jiko la bwana wangu. Nilimshika bega kutoka juu, nikiwa nimesimama. Nilikaa, nataka kusema nilisimama, hivyo hivyo mpaka jua likaegemea milima ya magharibi, kisha nikamwachia mkoba wangu wa mboga na kukimbia kuliwahi lango.

Kesho yake, alfajiri ya sikukuu, nilitoka nje kuchota maji ya kupikia mchele. Nikirudi na ndoo, chini ya baraza ya kaskazini nilimwona mbwa. Rangi ya udongo, mbavu nje. Alikuwa anatafuna kitu, na aliponiona alikiacha na kupenya kwenye tundu la ukuta.

Ulikuwa mguu. Mguu wa mtu, kuanzia kifundo.

Sikupiga kelele. Nilijua tu kwamba ulikuwa mdogo, wa mwanamke au wa kijana, na kwamba ndoo imenianguka na maji yananiingia viatuni. Yasutomi alisikia ndoo akaja na hatua zake za paka, amekwisha vaa kofia yake yenye majani ya sikukuu. Aliinama kutazama, akarudi nyuma, akateleza, akaanguka kitako palepale, karibu na kile kitu kiasi kwamba upindo wa nguo yake ulikigusa. Akabaki amekaa.

Sote wawili tulijua sheria. Hata kipande kikiingia uani, nyumba imechafuka. Bwana hatoki. Na yeye Yasutomi alikuwa amekaa.

"Ni figili," alisema hatimaye.

"Bwana?"

"Figili. Mbwa ameiba figili jikoni kwako."

"Figili gani ina kucha?"

"Hamame!" Alinishika pindo la nguo kwa mikono miwili, akiwa bado chini. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa umevunjika vile. "Hamame, dada yangu. Wewe hujaona kitu. Magari yamekwisha fungwa ng'ombe. Kasri nzima inamngoja. Unajua watakachonifanya? Nina watoto. Hujaona kitu, nami sijaona kitu, na mungu..." Aliutazama mlango wa ndani, ambako bwana alikuwa anavalishwa. "Mungu ana watu wengi wa kuwatazama leo."

Akakifunga kile kitu ndani ya mkono wa nguo yake, akatoka nacho kwa mlango wa nyuma, upande wa mtaro. Nikamsikia akinawa, akinawa, akinawa. Mimi nilirudi jikoni nikapika mchele wa watu wa msafara. Mikono ilipika yenyewe. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: mguu ni wa nani? Lango limefungwa mpaka bwana atoke, na mimi niko ndani, na ule mguu ni wa nani?

Bwana alitoka jua lilipopanda. Alipendeza, siwezi kumnyima. Majani mabichi kwenye kofia, ng'ombe mweusi aliyesuguliwa mafuta, na mbele yake wapanda farasi katika nyekundu ya Torime. Watu waliojipanga barabarani walishusha pumzi kwa pamoja walipoiona rangi ile. Bibi mmoja karibu nami alisema, "Mikono ya nani hiyo? Ibarikiwe." Nyuma ya gari alitembea Yasutomi, amenyooka, majani kichwani, na nguo amekwisha ibadilisha. Nilitazama juu. Niliingoja radi. Nilikuwa na hakika itakuja. Mbingu ilikuwa buluu na tulivu, na vigelegele vya watu vikaendelea mpaka msafara ukakata kona.

Hapo hasira ilinipanda, na hofu juu yake, nikageuka nikakimbia. Mji wote ulikuwa unakwenda kaskazini kutazama sikukuu na mimi nikaukata kwenda magharibi. Watu walinisukuma, mtoto akanicheka. Nilivuka Suzaku. Nilipita kwenye mboga za maji nikizama mpaka magotini. Nilipoliona lile lango bovu, nilijivuta kwa kushika ukuta.

Walikuwapo. Torime alikuwa amekaa vilevile, mgongo kwenye nguzo, fimbo mkononi, na Kusume mapajani mwake amefunikwa uso kwa upindo wa nguo. Sikutazama nyuso. Nilitazama miguu kwanza. Ya mama, iliyovimba. Ya binti, myeupe, imewekwa pamoja vizuri mkekani. Yote ilikuwapo. Nilishika ukuta nikatapika.

"Nani?" aliuliza Torime. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa, bila shaka kwa kuwapigia mbwa kelele.

"Mimi. Hamame."

"Bwana ametoka?"

"Ametoka. Amependeza. Watu wameisifu nyekundu yako."

"Nyumba iko safi?"

Nilimtazama mwanamke huyu aliyekesha na fimbo mbele ya mbwa, na bado anaogopa kwamba yeye ndiye aliyewaharibia wengine. Maneno yote niliyokuja nayo, ya figili na ya Yasutomi na ya mbingu iliyonyamaza, niliyameza.

"Safi kabisa," nilisema. "Hakuna kilichoingia."

"Afadhali," alisema, na mabega yakamshuka. "Niliogopa nimewaharibia."

Nikasogea nimwone Kusume. Nilikuwa naanza kuinama pale mkono wa rangi wa Torime uliponyooshwa haraka na kunizuia kifuani.

"Usikae, shoga," alisema. "Simama hapohapo."

Jana alinisihi nikae. Nilisimama hapo nikiutazama ule upindo wa nguo juu ya uso wa msichana, nikiungoja uinuke kwa pumzi, na haukuinuka. Kwenye ukuta mbwa walikuwa bado wanangoja. Niliogopa, na nilifikiria jiko langu, na sehemu yangu ya kulala nyuma yake, yenye joto hata wakati wa theluji.

Nikakaa. Torime alianza kunisukuma, akinipigia kelele kwa ile sauti isiyokuwapo, kwamba nina wazimu, kwamba nisimame upesi, kwamba nitalala wapi, kisha nguvu zikamwisha akaniegemea, na hapo ndipo alipolia.